Vichwa vikigongana Tunduma, karatasi ndiyo shahidi

Kona inapigwa, beki na straika wanaruka, vichwa vinagongana, mmoja anabaki chini. Anamwagiwa maji, anaulizwa matokeo ni ngapi kwa ngapi, akijibu tu anarudishwa uwanjani na mashabiki wanalipuka kwa makofi. Kwenye mechi za mtaani za Tunduma, Mlowo na Vwawa, huyo ndiye shujaa wa siku.

Kisheria, hapo ndipo madai yanapozaliwa. Na hapo hapo ndipo yanapofia, kwa sababu hakuna aliyeandika kitu.

Kugongana kwenyewe kwa kawaida hakumpi mtu kesi. Anayevaa jezi anajua kuna viwiko na magoti, na sheria huchukulia kuwa amezikubali hatari za kawaida za mchezo. Moto uko kwenye kilichofuata. Nani alimruhusu arudi huku anayumba? Alikuwepo mtu wa huduma ya kwanza? Kocha aliambiwa akapuuza? Dai la uzembe linasimama kwenye maswali hayo, na mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai.

Shida ni kwamba mtikisiko wa ubongo haujionyeshi kama mguu uliovunjika. Mara nyingi hata CT-Scan haiuoni, maana kipimo hicho ni kizuri kwa fuvu lililopasuka na damu iliyovuja. Mchezaji anaweza kutoka hospitali na picha safi, halafu wiki nzima kichwa kinamgonga, mwanga unamuumiza, anasahau alichotumwa na kukasirika bila sababu. Siku ya kesi, wakili wa upande wa pili atainua picha ile na kusema jamaa ni mzima.

Ulaya nao wameumia kwenye eneo hilo. Jeff Astle, straika wa zamani wa West Bromwich Albion na England, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59. Uchunguzi rasmi wa kifo chake ulisema ni ugonjwa uliotokana na kazi, yaani kupiga mpira kwa kichwa. Lakini ilisubiriwa hadi 2014 ndipo Dk. Willie Stewart alipouchunguza upya ubongo wake na kukuta CTE, maradhi ya ubongo yanayohusishwa na kupigwa kichwani mara kwa mara. Hadi leo CTE inathibitishwa kwa uhakika baada ya mtu kufa.

Mwaka 2019 utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow uliwaangalia wanasoka wa zamani wa Scotland, ukakuta uwezekano wao wa kufa kwa maradhi ya kuharibika ubongo ni karibu mara tatu na nusu ya watu wengine. Namba hiyo ni nzito, ila inazungumzia kundi. Mahakama inamuuliza mtu mmoja: wewe uliumia lini, na nani alikosea?

Marekani kuna funzo jingine. Fidia ya wachezaji wa zamani wa NFL iliyoidhinishwa 2015 ilitegemea vipimo vya akili, na vipimo hivyo viliruhusu kuchukulia kwamba mchezaji mweusi alianza na uwezo mdogo. Matokeo yake, mweusi alitakiwa aonekane ameharibika zaidi ndipo alipwe. Wachezaji wawili walishtaki mwaka 2020, na utaratibu huo ukaachwa. Usipokuwa na rekodi yako ya mwanzo, kuna mtu atakukadiria anavyotaka.

Rudi Tunduma. Dereva wa bodaboda akigongwa na lori kwenye foleni ya mpakani, kila mtu anajua kinachofuata: polisi, PF3, hospitali, bima. Karatasi ipo. Kijana huyo huyo akigongwa Jumapili kwenye fainali ya kugombea mbuzi, hakuna fomu wala bima. Kesho yake anarudi kubeba mizigo.

Mwenye mkataba wa ajira na klabu ana njia nyingine. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamhusu kama mwajiriwa yeyote anayeumia kazini, na WCF humlipa kulingana na asilimia ya ulemavu iliyothibitishwa na daktari. Asiye na mkataba anabaki na madai ya uzembe, ambayo ukomo wake ni miaka mitatu. Kwa ubongo unaoharibika polepole, miaka mitatu ni kufumba na kufumbua.

IFAB imeruhusu mashindano, kuanzia Julai 2024, kuweka mabadiliko ya ziada ya mchezaji aliyegongwa kichwa, bila kula idadi ya kawaida. Kwa hiyo hata ile hofu ya timu kupoteza sabu ina jibu, kama waandaaji wataamua kuitumia kanuni hiyo.

Kinachobaki hakihitaji mfadhili. Daftari moja kwenye benchi: dakika aliyogongwa, kama alizimia au alitapika, alikumbuka nini, nani aliamua atoke au aendelee, sahihi ya mwamuzi. Nakala iende naye hospitali, Vwawa au Mbeya, daktari aisome na kuiweka kwenye faili.

Daftari hilo linamlinda pia kocha aliyemtoa mchezaji wake huku jukwaa likimzomea. Likikosekana, miaka kumi baadaye mama atabaki na mtoto anayesahau jina lake, na hadithi ya mechi ambayo hakuna anayeweza kuithibitisha.