Ukikodi Boti, Amri ni Yako

Kaskazi ikishaingia, familia nyingi za bara huteremka pwani: kwa treni, kwa basi, kwa gari dogo la kuchangiana mafuta. Hufika, hula pweza wa nazi, hupiga picha ufukweni maji yakiwafika magotini, kisha hupanda gari na kurudi makwao. Kitu kizuri kuliko vyote pwani hii kinabaki kule mbele, mwendo wa saa moja kwa boti, chini ya maji ya kina cha mita tatu nne, na wao hawakukiona. Anayekiona ni mgeni aliyetoka Ujerumani au Italia.

Ndugu zangu, safari hii msirudi hivyo. Kodini boti. Changeni wanane au kumi, watu wa ukoo mmoja, wa chama kimoja au wa ofisi moja, mchukue chombo chenu peke yenu kwa siku nzima, mvae miwani ya kuzamia na kutia uso majini. Nina ombi la pili, zito zaidi, linalohusu mtakavyokaa ndani ya boti hiyo. Nitalifikia.

Nizungumzie Shimoni, pahali ninapopapenda. Ni kusini kabisa mwa Kenya, Kaunti ya Kwale, kilomita 75 hivi kutoka Mombasa, ambako barabara inakwisha gatini. Ng'ambo ya mlango wa maji kipo Kisiwa cha Wasini, kisicho na gari hata moja, na watu wake wanazungumza Kivumba. Ukikipita Wasini kuelekea kusini unaingia Kisite-Mpunguti: visiwa vidogo vinne, Kisite, Mpunguti ya Juu, Mpunguti ya Chini na Liwe la Jahazi, vimezungukwa na miamba ya matumbawe. Eneo la Kisite ni hifadhi kamili, havuliwi samaki hata mmoja. Mpunguti wavuvi wanaruhusiwa, ila kwa zana za jadi. Wenye mitego wameachiwa pao na samaki wameachiwa pao, mpango ambao mimi naona una busara kuliko sheria nyingi ninazozijua.

Asiyeweza kufika Shimoni ana kwingine. Malindi na Watamu zimehifadhiwa tangu 1968. Mtu wa Dar es Salaam ana Mbudya na Bongoyo mlangoni mwake, zilizotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na wapo waliozaliwa Kinondoni wakazeekea Kinondoni bila kuzikanyaga. Mafia kuna hifadhi ya bahari ya kwanza ya Tanzania, ya mwaka 1995, na msimu wa kaskazi papa potwe hupita karibu na Kilindoni.

Kwa nini basi hatuendi? Sababu ya kwanza ni hofu, na hofu hiyo si ya kuchekwa. Watu waliowazika jamaa zao waliozama na meli ya Spice Islander mwaka 2011, na ya Skagit mwaka uliofuata, hawahitaji kuhubiriwa habari ya ujasiri. Wanachohitaji ni jaketi okozi. Basi kabla hamjapatana bei, mwambieni mwenye boti ayatoe majaketi yote, myahesabu, na mjaribishe yale ya watoto mwilini mwa watoto wenyewe. Mtoto akiinuliwa kwa mabega ya jaketi nalo likampanda masikioni, hilo si lake. Yavaliwe boti ikiwa bado imefungwa gatini. Nimeona mara nyingi yakigeuzwa mito ya kukalia. Boti yenye majaketi pungufu iacheni hapo hapo, hata kama nahodha wake ni binamu yenu.

Tena kutazama matumbawe hakutaki ufundi wa kuogelea. Ukiwa na jaketi unaelea kifudifudi, bomba la kupumulia limetokeza juu, basi. Kisiwani Chumbe, Unguja, wanafunzi wamekuwa wakipelekwa na shule zao kwa miaka mingi kuutazama mwamba, na wengi wao hawajui kuogelea. Pale Kisite kijana wa boti hufunga kamba kwenye boya la duara, watu wanne wakalishika pande zote, naye akawavuta taratibu juu ya mwamba. Niliwahi kumtazama mama mmoja, mwalimu mstaafu, akiling'ang'ania boya hilo macho yamefumbwa, anasoma dua kwa sauti. Alipoingiza uso majini dua ilikatika. Alikaa dakika nzima kimya. Alipoinua kichwa, neno lake la kwanza lilikuwa kumwita mumewe aliyebaki botini, kwa jina lake la utani, aruke upesi.

Mavazi nayo yasiwazuie kina mama na mabinti. Fulana ya mikono mirefu, suruali ya kubana na mtandio uliofungwa vizuri vinatosha kabisa. Dera liacheni botini, kwani hujaa maji na kusokota miguu. Vazi la kusitiri lina faida nyingine: ngozi iliyofunikwa haihitaji kupakwa mafuta ya kukinga jua, na mengi ya mafuta hayo yana kemikali zinazodhuru matumbawe. Kwa hili, Mama Fatuma wa Kisauni ameshampita mtalii wa bikini.

Gharama inahesabika. Boti hukodishwa kwa chombo, mara nyingi si kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa kumi mzigo unakuwa mwepesi. Ulizeni mapema kama bei inajumuisha petroli, miwani na chakula cha mchana. Kule Wasini chakula chenyewe ni kaa na wali wa nazi, na kwa hicho peke yake ningesafiri. Ada ya hifadhi Kenya hulipwa shirika la wanyamapori, KWS, kwa njia ya mtandao, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Patanisheni bei, ndiyo, ila msimkamue mwenye boti. Nahodha aliyekamuliwa atapunguza pahali, na pahali penyewe patakuwa petroli ya akiba au yale majaketi.

Sasa ombi la pili.

Katika mlango wa maji wa Wasini kuna pomboo. Boti zikitoka asubuhi, mtu akiona pezi moja tu likitokeza, injini zote hunguruma kwa pamoja. Boti tano, sita, saba zinamzunguka pomboo na mwanawe, abiria wamesimama upande mmoja na simu zao mikononi. Pomboo huzama, huibukia mbali, na boti zinageuza kumfuata. Huko kusini mwa Unguja, upande wa Kizimkazi, watafiti waliowafuatilia pomboo waligundua kwamba boti za watalii zikiwapo, wanyama hao hupunguza kula na kupumzika, muda wao ukaishia katika kwenda tu. Hata mtu asiyesoma utafiti anaweza kuona hilo kwa macho yake.

Tunapenda kuwalaumu manahodha. Mimi nasema lawama hii tuigawe. Nahodha wa Shimoni ameijua bahari hiyo tangu utotoni. Anajua pomboo wanalala saa ngapi na wananyonyesha wapi. Anawakimbiza kwa sababu anaamini ndicho ulichokilipia, na kwamba usipopata picha, bakshishi itakuwa nyembamba na kesho utamsema vibaya. Anamtazama mwenye pesa usoni, na kukodi chombo kizima maana yake ni kwamba mwenye pesa ni wewe. Mtu aliyejibanza kwenye boti ya watu arobaini hana sauti. Wewe unayo siku nzima.

Tena una kitu ambacho mgeni wa mbali hana: unazungumza na nahodha bila mkalimani. Yule Mjerumani hata akitaka kusema jambo jema, litapita kwa mtu wa hoteli, kwa wakala, kwa kijana wa ufukweni, na likimfikia nahodha limeshageuka. Wewe unakaa naye gatini, mnasalimiana, mnaulizana habari za nyumbani na za samaki, kisha unamwambia: "Nahodha, leo sisi hatuna haraka na hatukimbizi mtu. Pomboo wakija wenyewe tutafurahi, wasipokuja tutakula kaa." Maneno hayo hayazidi sekunde kumi. Utaona mabega yake yakishuka. Umempunguzia kazi asiyoipenda, na petroli yake umeiokoa.

Mkifika mwambani, ombeni boti ifungwe kwenye boya. Hifadhi huweka maboya kwa kazi hiyo, lakini siku yakijaa, au yakiwa yamekatika, kishawishi cha kutupa nanga ni kikubwa. Matumbawe ni wanyama, wadogo, maelfu kwa maelfu, wamejijengea nyumba ya chokaa. Yale ya mviringo huongezeka kama sentimita moja tu kwa mwaka. Lile lenye ukubwa wa meza ya kulia linaweza kuwa lilianza kabla babu yako hajazaliwa. Nanga ikiburutwa mara moja inapasua kazi ya miaka hiyo yote. Mwambieni nahodha mko radhi kusubiri boya liachwe na wenzenu, au aelee akiwa ameshika usukani, huku nyinyi mkiwa majini kwa zamu.

Kuna suala la mkate pia. Boti nyingi hubeba mkate wa kuwarushia samaki ili wajazane mbele ya mgeni. Kataeni, kwa upole. Samaki wa mwambani ana kazi yake. Tulieni tu majini, bila kupiga miguu, msikilize: mtasikia mlio kama wa bisi zinazokaangwa, na ndani yake kishindo kidogo kikavu, ka, ka, ka. Huyo ni pono. Meno yake yameungana kuwa mdomo mgumu, naye anatafuna uso wa mwamba akitafuta mwani, anasaga chokaa kooni na kuitoa kwa nyuma ikiwa mchanga mweupe. Pono mmoja mkubwa hutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Ufuo mlioupigia picha jana, sehemu yake nzuri imepitia humo. (Watoto wakiambiwa habari hii hawaisahau maisha, na watu wazima hujikung'uta makalio.) Pono anayeshibishwa mkate anaacha kusafisha mwamba, na mwani ukiachwa unawasonga matumbawe wachanga.

Viti vya pweza wasitolewe majini kwa ajili ya picha; wanapumua humo humo. Makome yabaki. Kasa atazamwe kutoka pembeni, asipitiwe kwa juu, maana lazima apande kuvuta pumzi. Anayechoka au kupatwa na woga asisimame juu ya matumbawe: alale chali, ainue mkono, boti itamfuata. Mpangieni kabisa mtu mmoja wa kubaki botini akiwahesabu waliomo majini. Shangazi asiyetaka kulowa ndiye afisa wenu wa usalama.

Nawaomba haya yote kwa sababu miamba hii imeshaumia. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe yaliwatema mwani wadogo wanaoishi ndani yake na kuyalisha, yakawa meupe, na katika sehemu nyingi za pwani yetu mengi yakafa. Joto limerudi tena mara kadhaa tangu hapo. Hakuna abiria wa boti anayeweza kuipoza bahari. Lakini mwamba usiokanyagwa, usioburutiwa nanga na wenye samaki wake kamili una nguvu zaidi ya kupona, na hayo matatu yamo mikononi mwetu.

Na wenzetu wameshafanya kubwa kuliko hilo. Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe walikaa wakakubaliana kuufunga mwamba wao, hekta 30 hivi, watu wasivue kabisa humo. Wakauita tengefu. Hao ni watu waliokuwa wakila kutokana na mwamba huo huo. Walijinyima sahani yao kabla hawajajua kama samaki watarudi. Samaki walirudi, wageni wakaja kuutazama, na mwaka 2017 jumuiya hiyo ikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Sisi tunaokwenda kwa siku moja tunaombwa tuache mkate nyumbani.

Kuhusu siku ya kwenda: tumieni mwezi wa angani. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu ni bamvua. Maji hupanda na kushuka karibu mita nne, mkondo unavuta, na yakipwa mwamba unakuwa juu mno hata miguu inaugusa. Tafuteni maji mafu, kuanzia tarehe nane hivi au ishirini na mbili hivi ya mwezi wa Kiislamu. Maji yanakwenda polepole na huwa maangavu. Tokeni asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamka. Kati ya Juni na Agosti, kusi ikiwa imepamba moto, nahodha akisema leo haiendeki msimbishie wala msimwongezee pesa abadili kauli.

Jioni mkirudi gatini, kama mlitulia naye na yeye akatulia nanyi, bakshishi iwe nene, na mpeni mkononi mkimweleza mbele ya wenzake kwamba ni kwa vile hakukimbiza na hakutupa nanga. Wale wengine wanaokosha boti pembeni watasikia. Kisha chukueni namba yake ya simu, muitume kwenye kikundi cha familia, cha kazini na cha msikitini au kanisani, na aliye na safari ya Desemba aanze kwa kumpigia huyo.