Vespa ya Mzee Ina Volti Ngapi?

Mwezi huu naomba tuweke kando mambo ya kitchen party na mawifi, tuongelee volti. Najua umeshaanza kucheka. Ngoja kwanza. Nyumbani kwangu volti zimetununisha wiki tatu nzima, na wala si sisi peke yetu. Siku hizi vijana kibao wanafufua pikipiki za wazee wao, na kila anayefufua ana mwenzake anayepakiwa nyuma.

Yetu ni Vespa 150 Super, ile ya matairi madogo ya inchi 8, ambayo Piaggio wa Italia waliitengeneza kuanzia 1965 hadi 1979. Baba mkwe aliinunua mwaka 1974 akiwa mwalimu Tanga. Alipofariki ikaja kwetu Kigamboni, imekaa kimya kama mgeni. Mume wangu akairudishia rangi yake, akashona kiti, injini ikafunguliwa na kufungwa. Ikabaki umeme, na hapo ndipo ngoma ilipoanza. Yeye anataka ibaki kama ilivyotoka kiwandani, volti 6 na platini zake. Mimi nataka volti 12.

Nikueleze kidogo, maana usipojua kinachogombewa utadhani ni ubishi tu. Kwenye Vespa hizi umeme wa taa unatoka kwenye magineto, yaani sumaku zinazozunguka na injini na kuzipitia koili. Injini ikinguruma taa inang'aa. Ukiachia mafuta kwenye tuta, taa inageuka mshumaa. Hakuna kifaa cha kudhibiti. Kinachozuia volti zisipande ni balbu zenyewe kugawana mzigo. Ndiyo maana balbu ya nyuma ikiungua, ya mbele inapokea zaidi ya uwezo wake na yenyewe inafuata. Na wale wanaochomeka balbu ya LED nyuma wakidhani wamemaliza kazi, wanajiunguzia ya mbele: LED inakula kidogo mno, mzigo unapungua, volti zinapanda.

Halafu kuna hesabu ya darasa la nne. Balbu ya wati 25 kwenye volti 6 inavuta ampea 4 na ushee. Kwenye volti 12 inavuta 2 na ushee. Waya ni ule ule, lakini umeme unaopotelea njiani kama joto unashuka hadi robo. Kwa waya wa miaka 50, wenye kutu kila kiungo, hiyo si tofauti ndogo.

Kuhamia volti 12 maana yake ni sahani mpya ya koili, magineto yake, kifaa cha kielektroniki cha kutoa cheche badala ya platini na kondensa, na regulata. Balbu zote zinabadilishwa. Na kabla hujatoa hela, fundi apime koni ya krankshafti, kwa sababu si kila magineto inakaa kwenye injini ya zamani. Ukinunua kwa kuangalia picha tu, utabaki na pambo la sebuleni.

Sasa nimtendee haki mwenzangu. Volti 6 zina hoja zake. Platini unazisafisha kwa msasa laini pembeni ya barabara ukaondoka. Kifaa cha kielektroniki kikifa, unasukuma. Waya zikiwa mpya, sehemu zinapogusa bodi zikakwanguliwa kutu, na balbu zikawa za wati zilezile zilizokusudiwa, mwanga wake si mbaya kama watu wanavyosema. Kwa Vespa ya kutoka Jumapili asubuhi, kupiga picha na kurudi, mimi mwenyewe ningesema iacheni.

Lakini sisi tunarudi nayo usiku kutoka kazini, na njia yetu ina vipande visivyo na taa hata moja. Aliyepakiwa nyuma hashiki breki wala usukani. Anachoweza kufanya ni kuomba Mungu lile lori lililo nyuma liwe limetuona.

Nikalisema hilo. Akanijibu kwa sauti ya chini kabisa: "Ukitoa zile koili, umetoa mkono wa mzee." Nikanyamaza. Utabishana vipi na marehemu?

Fundi ndiye aliyetuokoa, bila kujua. Alipofungua usukani kutafuta njia za waya, akaanza kucheka. "Shemeji, hii ya kiwandani mnayoigombea iko wapi?" Ndani kulikuwa na waya mwekundu wa simu, koili ya pikipiki nyingine kabisa iliyofungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, na swichi moja nyeupe ambayo haikutoka Italia hata kidogo. Tukampigia mama mkwe Tanga. "Wanangu," akasema, "mzee wenu kila kilichoharibika alikibadilisha. Mwanzoni mwa miaka ya 80 vipuri mngevipata wapi? Hiyo swichi ni ya taa yangu ya kitandani. Nililala gizani mwezi mzima ili yeye aende shule."

Mume wangu alikaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa, ile swichi mkononi, muda mrefu. Sikumsemesha. Jioni yake akasema mwenyewe tufunge volti 12, kwa sharti moja: swichi ibaki. Fundi akaguna, akaiunganisha na taa ndogo ya spidomita, kazi isiyo na hatari.

Nami nikatoa langu: asikate waya wowote wa mzee. Mpya zimepitishwa kwa kufuata njia za zamani, na koili, platini na ile raba ya baiskeli viko kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, kila kimoja na karatasi yake. Siku akitaka kurudisha, ni kazi ya siku moja. Kama mnabishana nyumbani kwenu, anzieni hapo. Ni rahisi kukubali badiliko linaloweza kurudishwa.

Sasa taa ya mbele ni wati 35, na tukipunguza mwendo kwenye tuta haizimii tena. Haifikii pikipiki mpya, nisikudanganye, lakini mashimo nayaona nikiwa huku nyuma, na mwenzangu ameacha kuendesha ameinama kama anatafuta sindano.

Imebaki honi. Yeye anataka ile ya zamani yenye sauti ya nyigu mzee, fundi anasema volti 12 zitaiunguza, na mama mkwe anasema haijawahi kulia tangu mwaka 1983.