Zaheer Khan aliacha chuo kama mimi. Tofauti ni alikoenda baadaye

Mwaka wa 2027 Kombe la Dunia la kriketi linarudi Afrika. Wenyeji ni Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Sasa kumbuka: lilipochezwa huku mara ya mwisho, 2003, wenyeji walikuwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya. Ndiyo, sisi. Kiti chetu kimekaliwa na mwingine na hapa mtaani hakuna hata aliyeshtuka.

Najua unachosema. "Kriketi tena? Si utupe za Gor na Ingwe?" Tulia kidogo. Hii stori ni ya kijana wa India ambaye kazi yake ya kimataifa ilianzia hapa hapa Nairobi, na inamhusu kila msee ambaye maisha yamewahi kumwangusha akakosa pa kushika.

Anaitwa Zaheer Khan. Oktoba 3, 2000, kwenye uwanja wa Nairobi Gymkhana, alichezea India mechi yake ya kwanza ya siku moja. Wapinzani walikuwa Kenya. Alichukua wiketi 3 na India ikashinda. Siku chache baadaye, uwanja ule ule, alimtoa Steve Waugh, nahodha wa Australia, kwa mpira uliotua miguuni. Alikuwa anatimiza miaka 22 tu.

Ujuzi wake ulikuwa kuupinda mpira hewani. Mpira wa kriketi una mshono katikati. Wachezaji husugua upande mmoja kwenye suruali ung'ae, upande wa pili wanauacha uchakae. Ukirushwa vizuri, hewa inapita tofauti kwa kila upande na mpira unakata kona kabla ya kumfikia mpigaji. Zaheer alirusha kwa mkono wa kushoto, kwa hivyo ulikuja kwa pembe ambayo wengi hawakuizoea. Muulize Graeme Smith wa Afrika Kusini jinsi alivyoteswa.

Lakini kilichonivuta kwake ni kitu kingine. Huyu jamaa alitoka Shrirampur, mji mdogo jimboni Maharashtra, na alikuwa ameanza masomo ya uhandisi wa mitambo. Akayaacha ili acheze kriketi.

Mimi pia niliacha chuo, mwaka wa pili. Kwa hivyo unaelewa kwa nini nilimpenda. Kila mama alipouliza mipango yangu, nilikuwa na jibu tayari: "Mama, hata Zaheer Khan aliacha." Mama hamjui Zaheer Khan, so mjadala uliishia hapo.

Ni juzi tu nimeifuatilia stori yake mpaka mwisho nikaona nilikuwa najidanganya. Zaheer aliacha darasa kwa ushauri wa kocha, akaenda Mumbai kucheza klabu. Kutoka hapo akaingia kituo cha MRF kule Chennai, ambako warushaji wa kasi walifunzwa na Dennis Lillee, gwiji wa Australia. Yaani alitoka shule moja akaingia nyingine, tena kali zaidi. Mimi nilitoka nikaingia kitandani na simu.

Na hata yeye hakufika hivi hivi. Machi 23, 2003, fainali ya Kombe la Dunia jijini Johannesburg, alipewa ova ya kwanza dhidi ya Australia. Presha ikamshinda. Ova hiyo moja ilitoa mikimbio 15. Alirusha ova 7 kwa jumla, akatoa mikimbio 67, bila wiketi. India ikalazwa. Siku tatu kabla, kwenye nusu fainali ya Durban, alikuwa moto: wiketi 3 kwa mikimbio 14 pekee. Na unajua alizichukua dhidi ya nani? Kenya yetu, iliyoongozwa na Steve Tikolo.

Baada ya hapo majeraha yakamwandama, vijana wapya wakaja, na kufikia 2006 alikuwa ameachwa nje ya timu. Wengi walimwona amekwisha.

Hapa ndipo nataka usome polepole. Alipoangushwa, alikuwa na pa kwenda. Kule Uingereza kaunti zina timu za kriketi za kulipwa, na Worcestershire ikampa kazi. Akawa anarusha wiki baada ya wiki, mbali na kelele za nyumbani. Alipunguza mbio zake za kuingilia, akajifunza kutunza mwili, akajifunza kumsoma mpigaji. Msimu huo wa 2006 alichukua wiketi 78. India ikamwita tena.

Mwaka uliofuata, uwanjani Trent Bridge, alichukua wiketi 9 katika mechi moja na India ikashinda mfululizo wa Test Uingereza, mara ya kwanza tangu 1986. Kisha 2011, India ikanyakua Kombe la Dunia. Zaheer alimaliza na wiketi 21, sawa na Shahid Afridi wa Pakistan, hakuna aliyewapita. Kwenye fainali ya Mumbai, ova zake tano za kwanza zilitoa mikimbio 6 tu. Ndiyo, mwishoni alichapwa, akamaliza na mikimbio 60. Lakini huyu alikuwa yule yule aliyetetemeka Johannesburg, na safari hii alianza kama mtu anayejua kazi yake. Alistaafu 2015 akiwa na wiketi 311 za Test na 282 za mechi za siku moja.

Sasa turudi upande wa pili wa uwanja ule wa Gymkhana. Vijana wetu walikuwa na kipaji, hilo halina ubishi. Mwaka wa 2003 waliipiga Sri Lanka hapa Nairobi, Collins Obuya akichukua wiketi 5 kwa mikimbio 24. Lakini baada ya nusu fainali ile, walipohitaji mechi nyingi dhidi ya timu kubwa, mechi zikawa haba. Ikaja migogoro ya malipo kati ya wachezaji na viongozi. Anayeshuka kiwango hakuwa na Worcestershire yake. Tukacheza Kombe la Dunia la 2011 bila ushindi, na 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja.

India iliweza kumwacha Zaheer arudi akiwa bora kwa sababu kulikuwa na ngazi za chini za kujijenga upya. Kwetu, ukitoka timu ya taifa unashukia moja kwa moja barabarani. Na usifikirie ni kriketi tu. Angalia riadha, angalia ndondi, angalia hata wewe uliyefeli mtihani mmoja ukaonekana umemalizika. Tuna kaunti 47. Ni ngapi zinaweza kumpokea kijana aliyeanguka na kumpa mahali pa kufanya kazi yake kila wiki mpaka airudie vizuri?

Hilo ni swali la viongozi, na 2027 tutakapoangalia Namibia wakiwa wenyeji, tuwaulize. Lakini kuna sehemu yetu pia. Kama umeacha chuo, usimtumie Zaheer kama kisingizio vile nilivyofanya. Jiulize umeingia wapi baada ya kutoka. Nani anakufunza? Unarusha mipira mingapi kwa wiki?

Mimi nimeanza kuandika kila siku, hata siku ambazo hakuna anayesoma. Mama bado hamjui Zaheer Khan. Ila wiki hii hakuuliza mipango yangu. Alinikuta nikifanya kazi.