Elfu tisa

Mwaka 2016 nililipa shilingi 50,000 nikakaa siku nzima kwenye ukumbi wa hoteli moja Sinza, Dar es Salaam, kufundishwa namna ya kuvuta wasomaji na kugeuza blogu kuwa pesa. Tulikuwa kama arobaini. Wengi tulikuwa tumemaliza chuo, vyeti vipo kabatini na ajira hakuna. Mwalimu alikuwa kijana mwenzetu mwenye suti na kompyuta nyembamba, na kila baada ya nusu saa alituonyesha ukutani picha ya akaunti yake: dola mia nane na kitu kwa mwezi. Hakuna aliyeuliza swali lililokuwa wazi. Watu arobaini mara elfu hamsini ni milioni mbili, kwa siku moja. Kama blogu ilikuwa inamlipa vizuri hivyo, Jumamosi ile alifuata nini Sinza?

Nina ugomvi na somo lile, kwa sababu bado linafundishwa. Limetoka ukumbini, siku hizi linauzwa kwa video na kwa vitabu vinavyotumwa WhatsApp, lakini maneno ni yaleyale. Lilikuwa na hatua nne. Kwanza, usiandike unachokijua, andika kinachotafutwa. Akatutajia afya, mapenzi, udaku na ajira. Pili, andika kila siku, ikiwezekana mara tatu, na kama huna cha kuandika chukua cha mwenzako ubadilishe maneno. Tatu, kichwa cha habari kimbane msomaji: kimtishe, kimwahidi au kimwamuru. Nne, sambaza kwenye kila kundi ulilomo, hadi makundi ya misiba.

Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Ndani ya miezi saba blogu yangu ilikuwa na makala zaidi ya mia nne. Leo ukinishikia fimbo sitakumbuka hata kumi. Mwezi wangu bora kuliko yote, kurasa zilifunguliwa mara 46,000 nikapata dola 23. Nilitumia AdSense, mfumo wa matangazo wa Google. Ukifikisha dola 10 wanakutumia kwa posta kadi yenye namba ya kuthibitisha anwani yako, na pesa hazitoki mpaka ufikishe dola 100. Sikuwa na sanduku la posta, nikatumia la shule aliyokuwa anafundisha mjomba. Niliisubiri kadi ile kama barua ya kuitwa kazini.

Hapa inabidi nieleze biashara yenyewe inavyokwenda, maana uongo umejificha humo. Ukiweka matangazo ya aina hii, nafasi kwenye ukurasa wako inapigwa mnada kila mara mtu anapoufungua. Wenye bidhaa wanashindana bei, na bei inategemea anayesoma ni nani, yuko wapi, na ana uwezo wa kununua nini. Kwa miaka mingi Google ilitangaza kwamba mwenye tovuti alipata asilimia 68 ya kilichopatikana kwenye kurasa za makala. Sina tatizo na mgawo huo. Tatizo ni kwamba tuliambiwa msomaji ndiye mteja wetu, na haikuwa kweli. Mteja ni mwenye tangazo. Msomaji ndiye anayeuzwa.

Na msomaji wa Kiswahili mwenye simu ya bei ndogo na bando la shilingi mia tano anauzwa kwa bei ya kutupa. Kampuni za bima na mawakili wa Marekani ndio wanaopandisha bei mnadani, ndiyo maana mwalimu alitushauri, kwa uso mkavu kabisa, tuandike kwa Kiingereza kuhusu bima za magari ya Marekani. Mle ukumbini sidhani kama kulikuwa na mwenye gari.

Anayebaki na Kiswahili anabakiwa na njia moja tu: wingi. Kama msomaji mmoja analeta sehemu ndogo ya senti, basi wanatakiwa maelfu, kila siku. Kuhakikisha habari moja ya afya kunataka siku mbili, nauli, na daktari mwenye subira. Kuiiba kunataka dakika kumi. Malipo ni yaleyale. Hapo huhitaji kuwa mtu mbaya ili uanze kuandika uongo, inatosha kuwa na kodi ya chumba.

Moja ya makala zangu mia nne ilihusu presha. Niliichukua kwenye blogu nyingine, ambayo nayo nadhani iliichukua kwingine: kitunguu saumu, limao na tangawizi, chemsha, kunywa asubuhi kabla ya kula. Kichwa cha mwanzo kilikuwa kirefu na kimepoa. Nikakitengeneza kwa hatua ya tatu: “Una presha? Kunywa hii siku 7, tupa vidonge.” Yale maneno mawili ya mwisho ni yangu. Hayakuwemo nilikoiba.

Makala ile ilifunguliwa mara 8,200. Nilifurahi, nikamtumia rafiki yangu picha ya takwimu.

Shangazi yangu anaishi Morogoro. Alikuwa ameishi na presha miaka kumi na moja, anameza kidonge kila siku baada ya chai ya asubuhi. Blogu hajui hata ni kitu gani. Maneno yale yalimfikia kwa jirani, na jirani aliyapata kwenye kundi la kikoba chao. Jina langu halikuwepo, lilikuwa limenyofolewa njiani kama mimi nilivyonyofoa la mwenzangu. Alikunywa siku saba akajisikia mwepesi, akaacha vidonge. Presha haina kelele, inaweza kupanda huku mtu anajiona mzima. Mwezi wa tatu aliamka asubuhi upande wa kulia haumtii, na maneno yanatoka nusunusu.

Nilipofika wodini, binti yake alinionyesha simu. “Kaka, hebu ona huu ujinga uliomfanya mama aache dawa.” Nikasoma kichwa changu cha habari. Nikamrudishia simu nikasema kweli, ni ujinga.

Najua majibu, kwa sababu nimejipa yote. Kwamba mtu mzima ana akili zake. Kwamba kama si mimi angeandika mwingine. Kwamba jirani angeuliza kwanza. Haya yote yana ukweli kidogo, na hakuna linaloondoa maneno mawili niliyoongeza ili watu wafungue.

Wapo wanaosema blogu za Kiswahili ziliuawa na serikali. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu Tanzania wawe na leseni, na ada zake zilifika takriban shilingi milioni 2.1. Kanuni zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, lakini wakati ule blogu kadhaa zilifungwa, na waliofunga si matapeli peke yao. Wapo watu makini walionyamaza, na hasara hiyo ni ya kweli. Ila tusijifanye tulikuwa na bustani ikaja kukatwa. Sehemu kubwa ya shamba tulikuwa tumeshaitia sumu wenyewe. Milango ilipofungwa, wasomaji wangapi walitulilia? Mimi hakunitafuta hata mmoja, na takwimu zangu zilisema ninao maelfu.

Na haikuwa lazima iwe hivyo. Ndesanjo Macha aliandika blogu ya Jikomboe kwa Kiswahili wakati wengi wetu hatujui neno blogu, akawashawishi wengine waanze. Issa Michuzi alipoanza yake mwaka 2005, alikuwa tayari mpigapicha wa magazeti anayefahamika. Watanzania wa ughaibuni walimfuata kwa sababu aliwaonyesha nyumbani: harusi, misiba, barabara, sura za watu wanaowajua. Unaweza kubishana na alichokiweka, lakini alikuwa na kitu mkononi kabla hajatafuta macho ya watu. Sisi wa Sinza tulifundishwa kutafuta macho kwanza.

Utaniuliza kijana ale nini. Ni swali la haki, na wanaolidharau mara nyingi wameshakula. Jibu langu ni hesabu. Kwa kiwango nilichokuwa nalipwa, ili nipate shilingi laki moja kwa mwezi nilihitaji kurasa zifunguliwe mara elfu tisini hivi. Laki hiyohiyo ni watu mia moja wanaokulipa elfu moja moja. Na Tanzania tumeweza kutumiana pesa kwa simu tangu mwaka 2008. Bibi anayeuza maandazi anapokea malipo ya mbali, mwenye shahada anasubiri kadi ya posta.

Sisemi hivi kinadharia. Siku hizi naandika kuhusu ufugaji wa kuku wa kienyeji, maana mama alifuga na mimi nafuga. Kila wiki natuma ukurasa mmoja kwa watu 63 wanaolipa shilingi 2,000 kwa mwezi. Naandika bei za sokoni, chakula cha vifaranga, na tarehe za chanjo ya kideri, ile ya tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Kabla sijatuma, ofisa mifugo mmoja mstaafu anasoma, na akikataa kitu nakitoa. Kwa mwezi ni shilingi 126,000. Sijatajirika, na nina kazi nyingine. Lakini nikikosea, Jumatatu simu inaita, na anayepiga ananijua kwa jina na ana kuku waliokufa. Hofu ile haikuwepo nilipokuwa na wasomaji 46,000.

Kuna pingamizi moja linaloniuma zaidi: waganga wa uongo nao wanalipwa moja kwa moja na wateja wao. Kwa hiyo kulipwa na msomaji peke yake hakukufanyi mkweli. Nakubali. Ndiyo maana nasema vitu vitatu vikae pamoja: anayesoma ndiye alipe, jina lako liwepo, na awepo anayejua kuliko wewe mwenye ruhusa ya kukuambia hapana. Ukikosa kimojawapo, utarudi nilikokuwa, taratibu, bila kuona.

Na wewe unayeuza somo la hatua nne, nakuomba kitu kimoja. Usituonyeshe picha ya akaunti. Tuonyeshe makala iliyoleta zile pesa, tuisome mpaka mwisho, kisha utuambie kama ungempa mama yako aifuate.

Nilikaa na jambo hili miaka miwili kabla sijaenda Morogoro kusema. Shangazi alikuwa uani, anachambua mchele kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umelala mapajani.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba baba. Umekonda.”

Ananiita baba kwa sababu nimerithi jina la babu, yaani baba yake. Nikakaa kwenye kigoda nikamweleza yote, kuanzia Sinza. Aliendelea kuchambua. Nilipofika kwenye maneno mawili ya mwisho, mkono ukasimama.

“Kwa hiyo aliyeandika ni wewe.”

“Ni mimi, shangazi.”

“Na wewe ulitoa wapi hiyo dawa?”

“Niliiba kwa mtu.”

Alinyamaza muda mrefu. Kuku wakaja kwenye ungo, akawafukuza.

“Na walikulipa?”

“Walinilipa.”

“Shilingi ngapi?”

Sikutarajia swali hilo, lakini jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimeshapiga hesabu mara nyingi usiku.

“Kwa hiyo makala moja, kama elfu tisa.”

Anaongea polepole siku hizi, anatafuta kila neno kabla ya kulitoa, kwa hiyo nilisubiri.

“Kidonge nilikuwa nanunua mia,” akasema. “Elfu tisa ni vidonge vya miezi mitatu.”

Akanisogezea ungo nimalizie, kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa umechoka.