Vyuo vinawapa watu vyeo na presha pamoja

Ukisikia kwamba mwalimu fulani wa chuo amepandishwa cheo akawa mkuu wa idara, bila shaka utampongeza. Mimi siku hizi huuliza kwanza: ni nani atakayemshika mkono?

Nina sababu ya kuuliza. Mkufunzi mmoja wa chuo cha kiufundi alikuja kwangu akilalamika kuwa kichwa kinamgonga na usingizi umempotea. Nilimpima presha nikapata 168/104. (Ikifika 140/90 na kubaki hapo ukipimwa tena siku nyingine, huo ni ugonjwa.) Hakuwa mnene, havuti sigara, na kwao hakuna mwenye presha. Nilipomdadisi ndipo aliponieleza kwamba kwa miezi 14 amekuwa kaimu mkuu wa idara. Alikabidhiwa funguo Ijumaa, na Jumatatu akatakiwa kuandika bajeti, kazi ambayo hakuwahi kuifanya maishani. Aliyemtangulia alikuwa amestaafu na kwenda zake mashambani bila kuacha hata daftari. Walimu aliozoea kunywa chai nao sasa walinyamaza akiingia.

"Daktari, umeme naujua," aliniambia. "Watu ndio siwajui."

Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inasema ukaimu usizidi miezi 6, lakini hayo tuyaache.

Hebu tazama tunavyofanyiwa sisi madaktari. Tukimaliza masomo hatuachwi tujitegemee. Daktari mpya hufanya kazi hospitalini mwaka mzima chini ya macho ya waliomtangulia, akiuliza, akikosea na kusahihishwa, kabla ya kuruhusiwa kuwatibu watu peke yake. Hakuna anayempa kisu na kumfungia chumbani na mgonjwa. Basi kwa nini mtu akabidhiwe idara nzima, na mishahara na ugomvi wake, kisha aambiwe ajitahidi?

Najua nitajibiwa kwamba kozi zipo. Ni kweli. Chuo cha Serikali cha Kenya, kilicho Kabete, hutoa kozi ya wiki 4 kwa mameneja wa ngazi ya juu, na nyingine ya uongozi ya wiki 6. Sina neno na kozi hizo. Hata hivyo, hakuna kozi itakayokueleza kwamba mwalimu fulani huchelewa kwa sababu anamuuguza mkewe, au kwamba mhasibu hukataa kila karatasi inayomfikia baada ya tarehe 20. Hayo huelezwa na mtu aliyeyapitia, mlango ukiwa umefungwa. Isitoshe, kozi huwafikia walio juu. Mpishi mkuu, mtunza stoo, karani wa usajili na msimamizi wa bweni nao wanaongoza watu. Je, ni nani huwakumbuka?

Yafaa wakumbukwe, maana wengi hudhani presha na ugonjwa wa moyo ni mambo ya wakubwa. Kuanzia 1967 watafiti waliwafuatilia wafanyakazi wa serikali jijini London, wanaume zaidi ya 17,000. Walioshika kazi za chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa wingi kuliko wakubwa wao, na sigara na mafuta ya damu havikutosha kueleza tofauti hiyo. Uchunguzi wa pili, ulioanza 1985 ukiongozwa na Dkt. Michael Marmot, uligundua kwamba jambo moja lililochangia ni mtu kukosa usemi juu ya kazi yake mwenyewe. Mtu asiyejua kazi yake mpya na asiye na wa kumuuliza hana usemi wowote, hata akiwa na kiti cha kuzunguka.

Wewe unayesimamia chuo, mpe kila aliyepandishwa cheo mtu mmoja mkongwe wa kukutana naye saa moja kila wiki mbili kwa mwaka wa kwanza. Asiwe mkubwa wake wa moja kwa moja, kwa sababu hakuna anayemwambia mtu anayeandika ripoti yake kwamba anaogopa. Asiwe pia wa kabila lake, ikiwezekana. Nitagombana na wengi kwa hili, lakini katika vyuo vyetu mlezi wa kazi hugeuka upesi kuwa "mtu wetu", na wengine wakaanza kutafuta wao. Wastaafu nao wasisahauliwe. Wengi wanaishi karibu na chuo na gharama yao ni chai.

Mgonjwa wangu nilimpa dawa, nikamkataza chumvi ya mezani na kumwambia atembee. Kisha nikamuuliza, "Mwalimu, kuna mtu aliyewahi kuifanya kazi hii unayeweza kumwendea?" Alifikiri kwa muda akamtaja mama mmoja aliyewahi kuwa mkuu wa idara nyingine, ambaye alikuwa akimwogopa tangu akiwa mwalimu mpya. Akaanza kumtembelea Jumamosi. Bajeti ya pili waliipitia pamoja mstari kwa mstari, na mama yule akamfundisha pia namna ya kuendesha mkutano usiozidi saa moja.

Mwezi uliopita presha ilikuwa 136/84. Dawa bado anameza, na ukaimu bado anao.