Nyumba nafuu: Mtihani mgumu utakuwa ujirani

MJADALA kuhusu nyumba za bei nafuu nchini umetawaliwa na ushuru wa asilimia 1.5 unaokatwa kwenye mishahara. Mahakama Kuu iliubatilisha Novemba 2023, serikali ikaurejesha kupitia sheria mpya iliyotiwa saini Machi 2024, na manung'uniko yangalipo. Lililosahaulika ni maisha yatakavyokuwa mpangaji wa jana akishakabidhiwa ufunguo katika miji kama Thika na Ruiru.

Ruiru si mji mdogo tena. Sensa ya 2019 iliuweka katika nafasi ya nne nchini ukiwa na watu takriban 490,000, karibu maradufu ya Thika, uliokuwa na 251,000. Wengi ni wahamiaji waliofuata viwanda, vyuo na, tangu 2012, barabara kuu ya Thika. Wanaishi kwenye ploti: vyumba vinavyotazamana, mfereji mmoja, kamba moja ya kuanikia nguo. Ujirani huko hauchaguliwi. Anayemaliza maji hujulikana kabla ya jua kuchwa, na ugomvi huamuliwa na keateka au mwenye ploti, ambaye akichoshwa na mpangaji humfukuza.

Katika nyumba mpya mwamuzi huyo hayupo. Kwa mujibu wa Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya 2020, anayenunua nyumba kwenye jengo la ghorofa humiliki pia, pamoja na wenzake, ngazi, lifti, tangi na ua. Wenye nyumba huunda shirika lao na kuchanga fedha za matengenezo. Asiyechanga hawezi kuambiwa tu ahame mwisho wa mwezi, kwani naye ni mwenye nyumba.

Aidha, majirani hawa hawatakuwa wa hali moja. Sheria ya 2024 inatenga nyumba za jamii kwa wanaopata chini ya Sh20,000 kwa mwezi, na nyumba nafuu kwa wanaopata kati ya Sh20,000 na Sh149,000. Kwa hivyo hata ndani ya kundi hilo la pili, kibarua wa kiwandani aweza kupakana na afisa wa benki. Mchango mmoja kwa mmoja ni nauli ya wiki nzima, kwa mwingine ni chakula cha mchana.

Thika ina kumbukumbu ya jambo hili. Mitaa kama Ziwani na Jamhuri ilikuwa ya baraza la mji, na kodi yake ilikuwa ya chini. Katika miji mingi nchini, kodi kama hiyo haikutosha kukarabati hata paa, na wapangaji wengine walikodishia watu wengine. Kibera nako, baada ya nyumba 822 za Soweto Mashariki kukabidhiwa 2016, baadhi ya waliopewa walizikodisha wakarudi vibandani.

Sheria sasa inakataza kuuza nyumba bila idhini ya bodi husika. Yamkini hilo litapunguza ulanguzi, lakini pia litawafunga pamoja kwa miaka mingi watu wasiojuana. Nao watakapoketi kupanga michango, mkazi wa ghorofa ya chini atauliza kwa nini alipie lifti asiyoipanda.