Ruzuku si pingu

Januari 2017 Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kuzinyima fedha za serikali kuu zile mamlaka za miji zinazokataa kuwasaidia maofisa wa uhamiaji. Jaji wa San Francisco akaizuia. Amri ya namna hiyo ilipotolewa tena mwaka 2025, nayo ikaishia mahakamani. Kwetu Tanzania uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano, hayapigiwi kura na madiwani. Lakini halmashauri za mkoa wa Katavi zinategemea sana ruzuku ya Hazina, na anayedhani fimbo ya fedha itanyoosha mambo ya wageni na atazame kwanza makazi ya Katumba na Mishamo mkoani humo.

Makazi hayo yalianzishwa miaka ya 1970 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Walipokubaliwa kuwa raia, sharti lilikuwa waondoke makazini na kutawanywa mikoa mingine. Viongozi wengi wa huko walikotarajiwa wakapinga, na mwaka 2011 uhamishaji ukasimama. Waliolipia mvutano huo ni watu walioukana uraia wa Burundi huku cheti cha Tanzania hawajakishika. Kilichovunja mkwamo ni serikali kulegeza sharti lenyewe: Oktoba 2014 Rais Kikwete akaanza kukabidhi vyeti, na raia wapya zaidi ya 162,000, pamoja na wale wa Ulyankulu mkoani Tabora, wakaruhusiwa kubaki walipo.

Yupo atakayesema halmashauri haiwezi kula fedha za serikali na wakati huohuo ikakaidi sheria zake. Hoja hiyo ina uzito, ila dawa yake ipo: waziri ana mamlaka ya kuvunja baraza la madiwani, mahakama zipo, na Uhamiaji wana maofisa wao. Fungu likikatwa, diwani haumii. Anayeumia ni mama aliyefika zahanati akakuta dawa zimekwisha, naye huenda babu zake wote walizikwa Mpanda. Ubaya mwingine, na kwangu ndio mkubwa zaidi, uko mezani kwa mtendaji wa kijiji. Anayetaka kitambulisho cha taifa huanzia kwake, kwa barua na muhuri. Mtendaji akijua bajeti ya halmashauri yake inapimwa kwa idadi ya wageni waliokamatwa, kila mwenye lafudhi ya Kirundi atakuwa mshukiwa, awe na cheti cha 2014 au asiwe nacho. Ni kweli wapo wanaovuka Ziwa Tanganyika bila vibali, na Karema, iliyo ukingoni mwake, inatazamana na Kongo. Lakini habari za mgeni aliyeingia usiku humfikia mwenyekiti wa kitongoji kwa sababu majirani wanamwamini, na wakishamwogopa hawatamwambia neno. Kwa hiyo Hazina ipeleke ruzuku katika halmashauri za Nsimbo na Tanganyika, yaliko makazi hayo, kwa hesabu ya watu wanaoishi huko, na kazi ya kukamata waachiwe Uhamiaji.